Mbwa wangu anapukutika manyoya mwaka mzima: nimnyoe?

*"Shikamoo daktari. Nina mbwa jike aina ya Jemani shepadi, ana miaka minne, hajafungwa kizazi, tunaishi naye Tabata. Nimesoma kwamba mbwa hawa hupukutika manyoya mara mbili kwa mwaka, baridi inapoisha na inapokaribia kuanza. Wa kwangu hana msimu. Kila siku ni manyoya, na mwezi huu yamezidi, yanatoka mafungu mafungu kama pamba. Mama yangu mzazi anaishi nasi, ni mtu wa swala tano, na manyoya yakionekana sebuleni ni kesi. Mchana mbwa anahema mpaka namwonea huruma. Jirani ameniambia nikimnyoa joto litaisha na manyoya hayatadondoka tena, na kinyozi wa hapa mtaani amekubali kuja Jumamosi na mashine. Namwogesha kila baada ya siku tatu kwa sabuni ya unga, lakini naona kama ndiyo inazidisha. Nifanye nini?"*

Marahaba. Kabla ya yote, mwambie kinyozi asije Jumamosi. Hakuna ubaya wowote kwake, ila kazi anayokwenda kuifanya ni ngumu kuirudisha nyuma, na mbwa wako haihitaji.

Swali lako limefunga mambo mawili kwa kamba moja: manyoya yanayodondoka na joto linalomtesa. Jirani amekupa dawa moja ya yote mawili. Mimi nitayafungua moja moja, kwa sababu chanzo cha hili si chanzo cha lile.

Anza kwa kumtazama. Mkalishe kivulini, gawa manyoya ya mgongoni kwa vidole viwili mpaka uione ngozi. Utakuta manyoya ya aina mbili. Yapo marefu, magumu, yenye kung'aa kidogo, ambayo ndiyo yana rangi unayoiona ukimtazama kwa mbali. Hayo ni manyoya ya juu. Yanateleza maji, yanazuia jua, yanakinga ngozi na miiba na nzi wa kuuma. Chini yake kuna manyoya mafupi, laini, ya rangi iliyofifia, yamesongamana. Mimi huyaita sufi, kwa sababu yanafanana kabisa na ile ya msufi inayotumika kwenye mito. Kazi ya sufi ni kushika hewa karibu na mwili. Shepadi alitengenezwa Ujerumani, kwa kazi ya kuchunga kondoo nje kwenye baridi na mvua, na sufi ilikuwa koti lake. Sisi tumemleta Dar na koti lake.

Yale mafungu kama pamba unayoyaokota ni sufi. Kila unyoya huota, hukua, hupumzika, kisha hung'oka kupisha mwingine. Saa inayoongoza mzunguko huo kwa mbwa wa nchi za kaskazini ni urefu wa mchana zaidi hata ya joto lenyewe. Giza linapoingia ubongo hutoa homoni ya melatonini. Usiku ukiwa mrefu homoni hiyo hukaa juu kwa muda mrefu, na mwili unaelewa kwamba baridi inakuja. Usiku ukifupika mwili unaelewa kinyume chake, na sufi ya baridi inaachiwa yote kwa wiki chache. London tofauti kati ya mchana mrefu kuliko wote na ule mfupi kuliko wote inakaribia saa 9. Hapa kwetu, nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, mchana wa Desemba unauzidi ule wa Juni kwa chini ya saa moja. Mbwa wako anasikiliza saa ambayo huku haipigi kengele. Ongeza taa za umeme uani usiku kucha, na mwili wake haupati ishara ya maana ya kuachia sufi kwa mpigo. Kwa hiyo anaiachia kidogo kidogo, mwaka mzima. Ulichosoma ni kweli kwa mbwa wa Ulaya, na wako pia hana kasoro.

Lakini kwa nini mwezi huu umezidi? Umeniambia jambo moja ambalo huenda hukulipa uzito: hajafungwa kizazi. Jike ambaye hajafungwa ana msimu wake mwenyewe ndani ya mwili. Huingia kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, takribani mara mbili kwa mwaka, na homoni zinapopanda na kushuka baada ya hapo, manyoya huachia kwa wingi, mara nyingi miezi miwili mitatu baadaye. Akizaa, hupukutika zaidi wakati wa kunyonyesha, mpaka wenye mbwa hunipigia simu wakidhani ana ugonjwa. Jaribu kukumbuka mara ya mwisho alitoa damu lini. Kama ni miezi miwili au mitatu iliyopita, umepata jibu la sufi ya mwezi huu, na utajua itarudi lini.

Sasa mashine. Jirani anasema ukimnyoa manyoya hayatadondoka. Yatadondoka, maana unyoya hung'oka kwenye mzizi, na mashine haigusi mzizi. Tofauti ni kwamba badala ya mafungu marefu yanayofagilika utapata vipande vifupi vinavyochoma kwenye zulia na makochi kama miiba ya samaki. Mama hatakushukuru. Sufi, kwa kuwa ni fupi, hurudi mapema. Manyoya ya juu huchukua miezi mingi. Kwa muda huo mbwa anavaa sufi tupu bila paa: mvua inamlowesha hadi kwenye ngozi, takataka zinanasa, na anasokoteka kuliko mwanzo. Jua la saa sita la Dar nalo linaipata ngozi ambayo haijawahi kuliona.

Kuna na hatari nyingine ambayo watu hawaamini mpaka waione. Kwa mbwa wa manyoya ya tabaka mbili, yaliyonyolewa yanaweza kukataa kurudi kwa mwaka mzima na hata zaidi. Hutokea zaidi kwa haski, malamuti na chau chau, ambao manyoya yao mengi hukaa kwenye hatua ya kupumzika kwa muda mrefu, lakini shepadi naye simhakikishii usalama. Mwanzoni mwa kazi yangu nilimnyoa haski kwa sababu mwenye mbwa alinisihi, na mimi nikaona ni huruma. Baada ya mwaka mmoja alikuwa bado na mabaka mgongoni, hapa sufi, pale ngozi, na bega moja lilikuwa limeungua na jua mara mbili. Nilimwomba radhi mwenye mbwa. Tangu siku hiyo sinyoi bila sababu ya tiba.

Hata hivyo sitaki nikutoe kwenye kosa moja nikuingize kwenye lingine. Utasikia wapenzi wa mbwa wakisema manyoya humpoza mbwa, kwamba ni kiyoyozi chake. Hapo wanapitiliza. Manyoya yanakinga mionzi ya jua, hilo ni kweli, lakini mbwa aliyelala kivulini na joto lake la mwili la nyuzi 38 na nusu anahitaji kulitoa, na sufi nene inalichelewesha. Anaona joto kweli. Hujakosea kumwonea huruma. Ila kinachomfunika zaidi ni sufi iliyokwisha kufa, iliyong'oka kwenye mzizi lakini ikanasa katikati ya manyoya mengine na kugeuka blanketi ambalo hewa haipiti. Itoe hiyo na uache iliyo hai. Utakuwa umempa karibu faida yote uliyoitafuta kwenye mashine, na paa lake litabaki.

Vipo visa ambavyo ninanyoa: manyoya yaliyosokotana hadi kwenye ngozi kiasi kwamba kuyachana ni kumtesa, kidonda, upasuaji, mabuu ya nzi kwenye jeraha. Ukitaka kumsaidia zaidi, manyoya ya tumboni, kati ya mapaja, yanaweza kupunguzwa kwa mkasi ili akilala sakafuni ubaridi wa saruji umfikie. Punguza pia yaliyo chini ya mkia na katikati ya vidole. Mgongo, mabega na mbavu viache.

Kazi yenyewe ni kuchana, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaoniambia "namchana kila siku" wanapiga brashi juu juu. Mbwa anang'aa, mkono umechoka, na sufi iko palepale chini.

Tafuta vitu vitatu kwenye maduka ya vifaa vya wanyama: brashi ya waya mwembamba uliopinda, reki ya manyoya yenye meno marefu yasiyo na ncha kali, na chanuo la chuma. Kuna kifaa kingine chenye wembe wa meno mafupi kinachotoa manyoya mengi kwa dakika chache. Watu hukipenda kwa sababu matokeo yanaonekana haraka, lakini kikitumiwa kwa nguvu au kila siku hukata manyoya ya juu pamoja na sufi. Mimi singekupa kwa kuanzia. Weka na chupa ya kupulizia yenye maji, umnyunyizie umande kidogo tu. Manyoya makavu kabisa hukatika.

Umewahi kumwona msusi anavyogawa nywele kwa mistari? Fanya hivyohivyo. Mlaze ubavu. Anza chini, kwenye mguu wa nyuma. Kwa mkono wa kushoto nyanyua manyoya yaelekee juu mpaka uone mstari wa ngozi, kisha kwa mkono wa kulia teremsha tabaka jembamba lililo chini ya mstari huo, ukichana kutoka kwenye ngozi kuelekea nje. Achia tabaka lingine, uchane tena. Panda hivyo hadi uti wa mgongo. Reki ndiyo ya kutoa sufi, brashi ni ya kumalizia, na chanuo ni la kukagua: likipita kutoka kwenye ngozi hadi ncha bila kukwama, hapo umemaliza. Likikwama, rudia kwa vidole kwanza, ukishika manyoya karibu na ngozi ili usimvute.

Jaribu brashi kwenye mkono wako mwenyewe, upande wa ndani wa kigasha. Nguvu inayokuumiza wewe inamuumiza na yeye. Mistari minne mitano ya reki sehemu moja inatosha. Ngozi ikianza kuwa nyekundu, hama. Sehemu zinazosahaulika ni nyuma ya masikio, kwapani, shingoni chini ya ukanda, shina la mkia, na yale manyoya marefu nyuma ya mapaja. Sufi nyingi ya shepadi imejificha hapo mapajani na shingoni.

Usijaribu kummaliza siku moja. Siku ya kwanza fanya mguu na paja, nusu saa, mpe kipande cha kitu anachokipenda, mwache. Kwa wiki mbili tatu hizi sufi inapoachia, kila siku dakika 20 zinatosha. Baadaye mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, maana kalenda ya Dar haina mapumziko kwa mbwa huyu.

Kuhusu mama: hukumu ya dini si kazi yangu, na yeye anaijua kuliko mimi. Ninachoweza ni kukusaidia manyoya yasifike ndani. Mchanie nje, upande ambao upepo unatoka nyumbani kuelekea uani na si kinyume chake, juu ya shuka kuukuu lililolowanishwa kidogo ili sufi isiruke. Tenga nguo ya kazi hiyo, ivulie nje, na isifuliwe pamoja na za wengine. Sufi iliyotolewa kwa reki asubuhi haiwezi kudondoka mlangoni jioni. Utaona tofauti ndani ya wiki ya kwanza, na yeye ataiona pia.

Sabuni ya unga iache leo. Imetengenezwa ikate mafuta kwenye nguo, na ngozi ya mbwa, ambayo ni nyembamba kuliko yako, inahitaji mafuta yake. Ukiyakata kila siku tatu ngozi inakauka, inawasha, anajikuna, na manyoya yanazidi kudondoka. Ndiyo maana unaona kama inazidisha. Inazidisha kweli. Tumia shampuu ya mbwa, mara moja kila wiki nne au anapochafuka. Mchane kabla ya kumwogesha, kwa sababu mafundo yakilowa hukaza. Maji yafike kwenye ngozi, na suuza mpaka yatoke bila povu. Kama mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, ndoo ya mwisho iwe ya maji baridi yasiyo na chumvi, na vivyo hivyo mkitoka naye baharini.

Kosa kubwa zaidi la kuogesha hapa kwetu ni kumwacha akauke mwenyewe jioni. Sufi inakunywa maji kama sponji, na hewa yetu ya unyevu haiikaushi. Nje anaonekana mkavu huku ngozi imelowa hadi asubuhi. Hapo ndipo vinatokea vile vidonda vya majimaji, vyekundu, vyenye maumivu, vinavyoweza kutanda ndani ya saa chache chini ya manyoya yaliyogandamana. Mwogeshe saa tatu au saa nne asubuhi, mkamue kwa taulo kwa kubonyeza bila kusugua, mweke mbele ya feni kivulini, na uchane wakati anakauka. Sufi nyingi hutoka saa hiyo kuliko saa nyingine yoyote. Wakati wa masika mkague hivyo kila anaponyeshewa.

Kuhema kwake sasa. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, ana tezi chache tu kwenye nyayo. Hupoa kwa kuhema: unyevu wa ulimi na njia ya hewa unageuka mvuke na kuondoka na joto. Lakini hewa ya Dar ya Januari hadi Machi tayari imejaa unyevu, na mvuke unakosa pa kwenda. Anahema sana na anapoa kidogo. Hapo hata mbwa asiye na sufi anahangaika. Kwa hiyo angalia banda. Hukuniambia limeezekwa kwa nini, ila mabanda mengi ninayoyaona ni ya bati, juu na pande tatu, na saa nane mchana ni tanuri. Liinulie paa, fungua pande mbili hewa ipite, weka makuti juu ya bati. Afadhali zaidi mruhusu alale mchana chini ya mti au kwenye baraza ya saruji. Maji yawe bakuli mbili, sehemu mbili, yabadilishwe mchana. Matembezi yawe kabla ya saa moja asubuhi au baada ya jua kuzama. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami. Ukishindwa kuuacha kwa sekunde saba, na yeye asiikanyage.

Akihema bila kukoma akiwa kivulini, mate yakawa mazito, ulimi mwekundu sana au wenye rangi ya zambarau, akayumba au kutapika, hilo ni shambulio la joto na linaua. Mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mapajani na kifuani hasa, mpepee kwa feni, mpe maji anywe akitaka bila kumlazimisha, na muanze safari ya kwa daktari huku mnaendelea kumlowesha. Msimfunike kwa taulo bichi, linashika joto.

Chakula nitakitaja kwa ufupi. Unyoya ni protini, na mbwa anayekula ugali mtupu na mchuzi atakuwa na manyoya makavu hata umchane vipi. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, mayai yaliyoiva, nyama au mabaki ya samaki yasiyo na miiba vinasaidia kuliko dawa nyingi za "kukuza manyoya" zinazouzwa.

Wakati unachana utakutana na kupe. Tazama ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani na chini ya ukanda wa shingo. Watoe kwa kibano, mvuto ulionyooka. Dawa ya kupe ya mbwa hupimwa kwa uzito wake. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kipimo cha kukisia, nimepokea mbwa waliotetemeka hadi kufa kwa hilo. Kama ana kupe wengi na ghafla ameacha kula, ana homa, fizi zimepauka au pua inatoa damu, mpeleke siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuwa homa ya kupe na hiyo haingoji.

Na kupukutika kwa kawaida kuna sura yake: sufi inatoka lakini ngozi haionekani, na mbwa hana shida nayo. Ukiona vipara, hasa vilivyolingana pande zote mbili za mbavu, ngozi nyeusi au nene, magamba, harufu, vipele, mduara kama choa, kujikuna hadi usiku hamlali, au ananenepa na kuzubaa bila kula zaidi, usinitumie picha. Daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari anapaswa kumgusa, akwangue ngozi na kuitazama kwa hadubini, pengine apime damu. Upele, fangasi na tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango hufanana sana kwa macho, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Mwulize pia kuhusu kumfunga kizazi, kama hamna mpango wa watoto. Inaondoa ule msimu wa homoni, ingawa kwa baadhi ya majike manyoya hubadilika na kuwa laini zaidi, na sufi kuongezeka. Kuna faida nyingine za kiafya zinazopimwa kwa umri wake, na hayo ni mazungumzo ya ana kwa ana.

Chukua kalenda ya ukutani, uandike tarehe aliyotoa damu mara ya mwisho na tarehe sufi ilipoanza kutoka mafungu. Akiingia tena kwenye joto, andika. Jumamosi, saa ile kinyozi angekuja, tandika shuka uani na uanze na paja la nyuma.